Moto wa Kwanza Hutoka kwa Jirani

Siku ya tatu baada ya kuhamia kwangu Mvara, mjini Arua, mama aliniomba jembe. Nilikuwa nimeinamia cherehani nashona sketi za shule, pini zimejaa mdomoni, nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia. Nikatema pini nikacheka, maana nani asiyeijua methali ile: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikamwambia, "Mama, wewe si mgeni hapa. Hapa ni kwako."

Akanitazama kwa ule upole wake unaouma kuliko kofi. "Kama hapa ni kwangu, jembe liko wapi?"

Jembe sikuwa nalo. Mimi ni fundi cherehani, nimepanga vyumba viwili nyuma ya barabara ya shule, na ua wa mwenye nyumba umesakafiwa kwa saruji mpaka mlangoni mwa choo. Nikaenda sokoni nikamnunulia, huku nikinung'unika njia nzima. Mama akatafuta kipande chembamba cha udongo kando ya ukuta, akalima, akapanda kunde. Loo! Kumbe pale ndipo mwenye nyumba alipokuwa ameotesha maua yake. Alikuja amevimba, akapiga kelele, nami nikaomba radhi hadi ulimi ukakauka. Mama yeye alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza maua yale huliwa na nini, na ugali au na viazi.

Sasa nacheka, lakini siku zile sikucheka. Mama alikula kwangu kama mgeni. Alibakiza chakula kidogo kwenye sahani, kwa adabu. Akimaliza alinishukuru, "Asante kwa chakula," mama aliyenizaa! Akitaka kutoka kunyoosha miguu alikuja kwanza kuniaga. Mara nyingine nilijifungia chumbani nikalia, kisha nikatoka na hasira, kwa sababu mimi nikilia lazima nimgombeze mtu baadaye.

Alikuja kwangu kwa sababu nyumba yake ya Koboko ilikufa. Alikaa upande wa chini wa mji, kando ya bonde, katika nyumba ya matofali mabichi aliyoijenga kwa mikono yake tuliporudi kutoka uhamishoni. Mimi nilizaliwa ng'ambo, upande wa Kongo, katika miaka ile watu wetu walipokimbia na mikeka kichwani, na nilirudi Uganda mgongoni mwake. Aliponitua chini, alinitua pale bondeni. Wakati huo bonde lilikuwa na mafunjo na kijito chembamba ambacho mtoto angeweza kukiruka.

Mji ukakua. Mabati yakaenea mlimani, nyua zikashindiliwa zikawa ngumu, miti ikakatwa kuchomea matofali na kutengenezea makaa, na mafunjo yakang'olewa ili watu wapate viwanja. Maji ya mlima mzima yakawa hayana pa kupita ila mlangoni kwa mama. Kila msimu wa mvua alama ya maji ukutani ilipanda kidogo. Nilimwambia atoke. Akasema maji yana njaa tu, yatashiba. Basi alasiri moja, akiwa anamenya karanga, ukuta wa jiko ukakaa chini. Ndivyo alivyosema mwenyewe, "Ukuta ulichoka, ukakaa." Aliyemvuta mkono akamtoa nje ni jirani yake.

Huyo jirani ni mwanamke wa Kikongo, aliyevuka mpaka na mizigo ya vitenge na dagaa akanogewa na Koboko. Ana sauti ya kuamsha kijiji na moyo mpana kupita sauti. Kati ya nyumba yake na ya mama palikuwa na ua wa miti, na kwenye ua palikuwa na tundu, na katika tundu hilo kila asubuhi ulipita moto. Aliyeamka kwanza akakoka, mwenzake alikuja na kigae cha chungu kilichovunjika, akatiliwa makaa mawili matatu yanayowaka, akarudi nayo kwake. Mama hakupata kununua kiberiti. Mimi nilipokuwa msichana nilidhani ni ubahili.

Haikuwa ubahili. Mama anasema moto wa kwanza wa nyumba huombwa kwa jirani, na ukizimika huombwa tena. Siku alipofika uhamishoni, mimba yangu tumboni, miguu imevimba, mwenye shamba alilopewa kukaa alimletea makaa kwenye kigae. "Hakuniuliza jina," mama husimulia. "Aliniletea moto kwanza. Jina aliniuliza kesho yake." Kwa hiyo mwanamke wa Kikongo alipotua mizigo yake karibu nasi, mama naye alichukua kigae akampelekea moto, na jina akamuuliza kesho yake. Hivyo ndivyo walivyoanza.

Baada ya mafuriko, watu wa manispaa na kamati ya wakazi walikaa, wakabishana, wakakaa tena, hatimaye wakakubaliana jambo ambalo mimi, mtu mgumu wa kusifu, nalisifu mpaka leo. Bonde lirudishiwe maji. Mafunjo yapandwe upya, na kando yake miti na njia ya waendao kwa miguu. Waliokaa bondeni wapewe viwanja mteremkoni, kila mtu na hati kwa jina lake. Na nyumba tuzijenge wenyewe kwa udongo wa palepale, unaochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, bila kuchoma, ili usikatwe hata mti mmoja. Kila paa liwe na mfereji na tangi, na maji yatakayozidi yapite kwenye mtaro wa mawe, yashuke bondeni kwa adabu.

Kila Jumamosi niliacha cherehani yangu Mvara, nikapanda gari kwenda Koboko kushindilia matofali. Mashine ile ina mkono mrefu wa chuma. Mimi na yule Mkongo tuliuning'inia pamoja, tukishuka nao, tukicheka kama wasichana, na tofali lilitoka laini, limepigwa pembe safi. Tuliyafunika kwa magunia na kuyanyunyizia maji asubuhi na jioni kama watoto wenye homa. Mikono yangu iliyozoea sindano ilitoka malengelenge. Nilifurahi. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo kwa kazi isiyo yangu.

Mama hakufurahi. "Nilishalala ndani ya udongo mbichi," alisema. "Nimeona ulivyonitenda." Kwake sasa tofali lisiloona moto lilikuwa uji uliokauka. Basi rafiki yake akachukua tofali moja lililokauka vizuri, akalitia kwenye beseni la maji mbele ya macho yake, akamwambia alichunge. Mama alilichunga kweli. Kila alipoletwa Koboko alikwenda moja kwa moja kwenye beseni, akaingiza mkono, akalipapasa pembe zote. Wiki zikapita, pembe zikabaki pembe. Mwishowe akalitoa, akaliweka karibu na bomba, akawa anasugulia visigino vyake juu yake. Hiyo ndiyo ilikuwa saini yake.

Viwanja viligawanywa kwa bahati nasibu, ili pasiwe na maneno ya upendeleo. Tulichota vizibo vya soda vilivyoandikwa namba kutoka katika kofia ya mwenyekiti wa kamati. Mama akapata nyumba ya juu kabisa, mwisho wa njia. Rafiki yake akapata ya chini, karibu na barabara. Katikati yao safu nzima ya nyumba za watu ambao bondeni walikaa pande nyingine, tuliowajua kwa sura tu. Tuliomba kubadilishana. Mwenyekiti akasema akimbadilishia mmoja atawabadilishia wote, na kesho wataanza kuulizana nani alimpa nani kuku. Ilikuwa haki, siwezi kusema uongo. Haki kavu, isiyo na mchuzi.

Siku ya kukabidhiwa nyumba, mji ulivaa. Paliwekwa viti, hema, na kipaza sauti kilicholia vibaya. Kila mwenye nyumba aliitwa mbele akapewa ufunguo uliofungwa utepe, na pamoja na ufunguo, kwa kuwa kila jiko lilikuwa limejengewa meko mapya yanayotumia kuni chache, akapewa na kiberiti. Aliyetoa wazo hilo alikuwa binti mmoja wa ofisini, mwenye heshima na tabasamu, na ninaamini alikaa usiku akifikiria zawadi itakayogusa moyo. Watu wakapiga makofi.

Mama alipokipokea kile kiberiti, alikishika kwa ncha za vidole viwili. Akakitazama. Akamtazama binti wa watu. Lugha yetu mama huitunza kwa mambo ya mapenzi na msiba. Akikasirika husema Kiswahili, kile cha sokoni alichokiokota uhamishoni na kwa wanajeshi wa zamani, na nilipousikia mdomo wake ukifunguka kwa Kiswahili nikajua tumekwisha.

"Mimi nakosa nini?" aliuliza.

"Hujakosa kitu, mama," binti akasema, amechanganyikiwa. "Ni zawadi. Ya kuwashia moto."

"Kiberiti iko ya mtu hana jirani."

Kipaza sauti kilikuwa karibu, kwa hiyo Koboko nzima ilisikia. Zamani, mama aliniambia baadaye, aliyejiwashia moto peke yake ni yule aliyefukuzwa kwa uchawi, akaenda kuanza maisha porini. Sasa yeye, mbele ya umati, alikuwa amekabidhiwa nyumba mpya na uthibitisho kwamba hana mtu. Akarudisha kiberiti mezani, ufunguo akaufunga kwenye pembe ya kitenge. Mlangoni mwa nyumba ya pili yake alisimama mzee mmoja fundi baiskeli, mjane, akamwamkia kwa heshima zote. Mama akapita bila kumjibu. Mama yangu, ambaye humwitikia hata mwendawazimu! Akaingia garini, tukarudi Mvara.

Nilivumilia hadi tukafika nyumbani, kisha nikalipuka. Nilimwambia ana nyumba, ana ufunguo, ana hati kwa jina lake, watu wanamlilia Mungu usiku na mchana wapate nusu ya hayo, na yeye anataka tugombane na serikali kwa sababu ya kiberiti. Nilisema moto ni moto. Nilisema nimechoka. Mama alichukua kopo, akaenda kunywesha kunde zake.

Nilichokiogopa sikukisema. Nilimwogopea mama kufia kwangu akiwa mgeni. Alikuwa ameshaanza kutoa maagizo. Kwetu mtu huzikwa nyumbani kwake, kando ya mlango aliokuwa akiingia na kutoka, na jioni moja akichambua kunde aliniambia kama mtu anayeagiza chumvi, "Mkanizike Lobule, kwenye shamba la kaka zangu. Msije mkanizika kwa mwenye nyumba wako." Lobule tuna muhogo na karanga, lakini mama hajaishi huko tangu alipoolewa. Alikuwa anajichagulia kaburi la ugenini kwa sababu hakuwa na mlango wake. Nikainua mguu nikakanyaga cherehani kwa kasi, nikashona kwapa la shati likafungana lote.

Kisha ikaja habari mbaya zaidi. Mwenyekiti alipiga simu, tena kwa huruma, akanieleza kwamba bado kuna familia bondeni ambazo hazijapata nyumba, watoto wanalala maji yakipita chini ya vitanda. Nyumba itakayokutwa tupu mvua zikiisha, itapewa wao. Alikuwa na haki tena, mtu huyu na haki zake. Nikamwambia mama. Akasema, "Wape. Watoto wasilale majini." Alisema hivyo kwa moyo mweupe, na usoni pake nikaona kitu kikizima.

Jumatano ya wiki ile simu ikalia, sauti ikatoka nikaisogeza mbali na sikio. Alikuwa yule Mkongo. "Umulete mama Jumamosi," akasema. "Mwambie sombe iko tayari. Nyumba usimwambie kitu. Mwambie sombe tu."

Kwa sombe ya rafiki yake, kisamvu cha Kikongo, mama angevuka mto uliofurika. Jumamosi asubuhi akajifunga kitenge kizuri, akatoka chumbani amebeba jembe.

"Jembe la nini, mama? Tunakwenda kula."

"Jembe ni langu," akasema. "Nitaliacha kwa nani?"

Tukala kwa rafiki yake, pale chini karibu na barabara. Sombe ilikuwa na mafuta ya mawese na dagaa, mama akala akamaliza, akafuta sahani kwa tonge la mwisho. Sikuwa nimemwona akimaliza sahani tangu nyumba ianguke. Walicheka, wakasengenya watu wa mafuriko, wakahesabiana magonjwa. Kisha yule Mkongo akasimama, akasema kama jambo dogo, "Haya. Mama, tangulia kwako. Minakuletea moto."

"Ni mbali," mama akasema.

"Mbali iko wapi? Mimi nilitoka Kongo!"

Mama akatutazama sisi wawili, akajua tumemtega. Lakini amekula sombe ya mtu. Tukamwitia boda, akapanda upande, jembe mapajani, akapelekwa juu polepole. Rafiki yake akaingia jikoni, akatoka na kigae. Nilikijua kigae kile. Kilikuwa kilekile cha tundu la ua, ukingo wake umeungua mweusi, ndicho alichokiokoa kwenye mafuriko pamoja na mkono wa mama.

Tukaanza kupanda. Yeye amebeba kigae, mimi nimetandaza kitenge changu kukinga upepo, nikitembea kinyumenyume kama kamba wa mtoni na kujikwaa kila hatua. Upepo wa mteremkoni hauna huruma. Hatukufika mbali, makaa yakaanza kuvaa majivu. Nikapuliza, yakaniunguza kidole, nikasema neno ambalo mama asingependa kulisikia. "Yatazimika," nikasema. "Si tuwashe tu kwa kiberiti tukifika? Atajuaje?"

Mkongo akasimama katikati ya njia. Alinitazama kama vile nimependekeza tumwibie. "Wewe utajua," akasema. "Na mimi."

Basi akapiga hodi kwenye nyumba iliyokuwa karibu, kuomba vipande vya makaa vya kulisha moto wetu. Akatoka mama kijana, mtoto kiunoni. Akatuuliza tunapeleka wapi moto mchana. Tukamweleza, yule mama wa kiberiti. Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Pitisheni kwangu kwanza," akasema. "Mimi pia nilipewa kiberiti. Tangu siku ile hakuna mtu amenipigia hodi, ninyi ndio wa kwanza." Tukaingia. Meko yake yakawashwa kwa makaa yetu, kuni zikashika, nasi tukatiliwa makaa mapya mekundu. Akajifunga mtoto mgongoni, akafuata.

Nyumba ya mbele yake alikuwa mama Mwislamu, ametoka kuswali, chetezo kinafuka sebuleni. Aliposikia habari, hakungoja tuombe. Alichukua makaa ya chetezo chake akayachanganya na yetu, tukawasha meko yake, tukatoka na moto unaonukia udi. Baada ya hapo sikumbuki vizuri mpangilio. Nyumba hadi nyumba tulipiga hodi, na kila mlango ulifunguka na mtu akauliza kuna msiba gani, akaambiwa si msiba, ni moto. Wengine walikuwa na meko yanayowaka tayari, wakatuongezea. Wengine wakatuambia tungoje, wakaleta kuni. Watu waliokaa miezi wakipishana na ndoo bila salamu walisimama mlangoni wakiulizana, wewe ulikuwa upande gani wa bonde, ndiyo wewe uliyepotelewa na mbuzi? Moshi ukawa unapanda mteremko nyuma yetu, paa kwa paa. Nami niliyekuja nimenuna nikajikuta nakimbia mbele kupiga hodi.

Tukafika kwa fundi baiskeli, nyumba ya mwisho kabla ya kwa mama. Alikuwa amepiga magoti, ameshika tairi. Kule juu nilimwona mama ameketi kizingitini, miguu nje, ameupa mgongo mlango uliofungwa. Zilikuwa zimebaki hatua chache tu. Nikadhani tutapita.

Mkongo hakupita. Alimsalimia mzee, akamwomba aruhusu moto uingie kwake, akaingia mwenyewe akaukoka katika meko yale ya mjane yaliyokuwa na vumbi, kwani mzee alikuwa akila mkate na chai ya kununua. Ulipowaka vizuri, akamtilia makaa kwenye kigae, akamkabidhi.

"Mupelekee," akasema.

Mzee akajipangusa mikono yenye grisi. "Mimi? Mama yule hata salamu yangu hakuitika."

"Jirani yake iko wewe sasa." Sauti yake, ile ya kuamsha kijiji, ilitoka ndogo. "Mimi niko mbali. Akiumwa usiku, mutu wa kumusikia ni wewe."

Akageuka upande, akajipangusa macho kwa pembe ya kitenge, akasema moshi. Mimi nilimshika mkono. Nilikuwa nimempenda mwanamke huyu tangu utoto, lakini siku ile ndipo nilipojua anampenda mama kiasi gani, hata akakubali kumwachia mtu mwingine asubuhi zake.

Mzee alikwenda na kigae amekinyoosha mbele kwa mikono miwili, akitembea kwa uangalifu, suruali ina grisi magotini. Akasimama mbali kidogo na kizingiti. "Hodi, mama," akasema. "Nimeleta moto."

Mama aliutazama moto, akakitambua kigae. Akainua macho akapita juu ya bega la mzee, akamwona rafiki yake amesimama njiani mikono mitupu, na nyuma yake safu ya wanawake na watoto, na nyuma yao ule moshi. Waliangaliana wale wawili. Mkongo akaitikia kwa kichwa polepole, ndiyo.

"Karibu, baba," mama akamwambia mzee, kwa lugha yetu.

Akanyanyuka kwa kujishikilia mlango. Akafungua fundo la kitenge, akatoa ufunguo, utepe ukiwa bado juu yake. Akaingia. Tukamsikia akivunja vijiti, akikohoa, akipuliza. Ilichukua muda. Kisha moshi ukatoka dirishani kwa mama, nami nikakaa chini mahali nilipokuwa nimesimama, nikalia wazi kabisa, na safari hii sikumgombeza mtu.

Nilikuwa nimepanga kurudi Arua jioni ileile, sketi za watu zinangoja. Mama hakunisikiliza. Alinitandikia kitanda, yeye akatandika mkeka. Alinipikia, akanichagulia kipande kizuri, nilipotaka kuinuka kuosha vyombo akanizuia kwa mkono. Siku ya pili vilevile. Mzee wa baiskeli alikuja asubuhi na kigae kuomba moto, maana wake ulizimika usiku, akauliza na jina la mama. Mama akampa vyote viwili. Mimi nilikaa tu kwenye kiti, nikahudumiwa, nikasema asante kwa chakula.

Siku ya tatu nilipofungua mlango, jua linaanza kugusa mafunjo machanga kule bondeni, nilikuta jembe limeegemezwa ukutani, nje ya chumba nilicholala. Lilelile nililolinunua nikinung'unika. Mama alikuwa jikoni, anachochea moto, hakugeuka.

"Kando ya mtaro panahitaji kupandwa majani kabla ya mvua kubwa," akasema. "Na kunde zangu nataka nizipande upande wa nyuma."

Nilisimama na jembe mkononi nikacheka hadi machozi yakanitoka, maana hatimaye mgeni alikuwa ni mimi. Nikavua viatu nikaenda kulima.